Uzi: Mzee alileta chupa saba za kulinda moyo na ubongo, na tembe zake za presha ameziacha

Mfamasia wa Mwembe Tayari

Masalkheri wanabaraza. Wiki tatu zilizopita, baada ya alasiri, aliingia dukani mzee mmoja ninayemhudumia kwa miaka kadhaa sasa, akaweka mfuko wa kaki juu ya kaunta na kuanza kutoa chupa moja baada ya nyingine. Zilikuwa saba. "Mwanangu," akaniambia, "hizi mbili ni za moyo, hizi tatu ni za ubongo, hii ni ya kusafisha mishipa, na hii ya mwisho ni habbasoda. Nataka uniambie kama zote zinanyweka pamoja." Nilimwuliza tembe zake za presha anazinywa saa ngapi. Akatabasamu kama mtoto aliyeshikwa na kipande cha halua, akasema ameziacha tangu mwezi uliopita, kwani fedha hazitoshi kununua vyote viwili, na aliyemwuzia chupa alimhakikishia kwamba tembe zinatibu namba tu, ilhali chupa zinalinda seli zenyewe. Nilimkalisha, nikampumzisha dakika tano, nikampima: 178 kwa 104.

Hayo maneno ya kulinda seli ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu si uongo mtupu. Yangekuwa uongo mtupu ningemjibu mzee palepale kwa sentensi moja. Yamejengwa juu ya elimu ya kweli, kisha yakapindishwa mwishoni, pale penye bei.

Elimu yenyewe ni hii. Moyo hupiga mapigo yapata laki moja kwa siku na haupumziki hata tunapolala. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayotumia tukiwa tumetulia. Viungo hivi viwili huishi kwa nishati ya papo kwa papo, havina ghala la maana, na nishati hiyo hutengenezwa katika mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli ambavyo kazi yake haiko mbali na ya jiko la makaa. Elektroni kutoka katika chakula hupokezwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka zikabidhiwe oksijeni, na tokeo lake ni maji. Chache huponyoka njiani na kuidandia oksijeni kabla ya wakati, na hapo ndipo huzaliwa supaoksidi, cheche ya kwanza katika ukoo wa radikali huru. Cheche hizo zikigusa mafuta ya utando wa seli, au protini, au DNA, huacha jeraha. Ubongo uko hatarini zaidi kwa kuwa umejaa mafuta yanayooksidika upesi, tena una madini ya chuma ambayo huweza kuigeuza hidrojeni peroksidi kuwa radikali kali kuliko zote.

Watu hupenda kusema kwamba seli zetu hupata kutu kama mabati ya nyumba za pwani. Mimi siupendi mfano huo, kwa kuwa bati halijui kwamba linaliwa na kutu wala halijitengenezi, na seli hufanya yote mawili. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Joe McCord na Irwin Fridovich, walionyesha kwamba mwili una kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuidaka supaoksidi na kuigeuza kuwa hidrojeni peroksidi. Vimeng'enya vingine, kama katalesi na vile vinavyotumia glutathioni, kinga ambayo seli hujitengenezea yenyewe, huimaliza peroksidi hiyo ikawa maji. Kasi ya kimeng'enya cha kwanza ni kubwa kiasi kwamba vitamini iliyomezwa, ikasagwa tumboni, ikapita ini na kuchanganyika na lita tano za damu, haina namna ya kukiwahi.

Hata hivyo wanasayansi walijaribu, na majaribio yao hayakuwa ya watu kumi na wawili. Nchini Finland wavutaji sigara wanaume 29,133 walipewa vitamini E, au beta-karotini, au vyote viwili, au tembe tupu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliopewa beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Jaribio ninalopenda kuwasimulia wateja ni la Uingereza, lililotangazwa mwaka 2002. Watu 20,536 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo walifuatiliwa kwa miaka mitano, na watu haohao walijaribiwa vitu viwili: mchanganyiko wa vitamini E, vitamini C na beta-karotini kwa upande mmoja, na dawa ya kushusha lehemu iitwayo simvastatini kwa upande wa pili. Vitamini hazikupunguza mshtuko wa moyo, wala kiharusi, wala vifo. Simvastatini ilipunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa karibu robo. Mwenye duka la dawa hawezi kuomba ushahidi ulionyooka zaidi ya huo.

Sasa tuje kwenye tembe ambazo mzee wangu aliambiwa zinatibu namba tu. Presha inapopanda, homoni iitwayo angiotensini II huamsha kimeng'enya kilichomo katika kuta za mishipa ya damu, na kimeng'enya hicho humwaga supaoksidi kwa makusudi. Supaoksidi hiyo huimeza oksidi ya nitriki, gesi ambayo mishipa huitoa ili ipate kutanuka, na ambayo watafiti wake watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mshipa uliokosa gesi hiyo hukakamaa, na presha ikazidi kupanda. Dawa kama enalapril na losartan huikata kazi ya homoni hiyo palepale inapoanzia. Yaani zinafunga mfereji, na chupa saba ni matambara ya kudekia sakafu huku mfereji ukiendelea kumwaga maji.

Nakiri mbele yenu kwamba dukani kwetu chupa za namna hii zinauzwa, tena faida yake ni kubwa kuliko ya tembe za presha. Nitalirudia jambo hilo. Kwanza ningependa kusikia wenzangu wanasemaje.

Bint Kuze

Assalaam alaykum ami Mfamasia. Nimekusoma kwa makini na sina ubishi na namba zako, lakini naona umeruka jambo. Mama yangu ana umri wa miaka 74, na tangu nimjue asubuhi yake ni kijiko cha habbasoda na asali. Presha yake ni nzuri na akili yake ni timamu kuliko yangu. Anakumbuka hata mahari ya kila harusi iliyofungwa mtaani petu. Vilevile, kila daktari hutuambia tule matunda na mboga kwa sababu zina antioksidanti, yaani vitu vya kuzima hizo radikali zako. Ikiwa antioksidanti ya chupa haifanyi kazi, kwa nini ile ya mchicha ifanye? Ama na mchicha nao ni hadithi?

Mfamasia wa Mwembe Tayari

Waalaykum salaam Bint Kuze, nakushukuru, kwa kuwa hilo ndilo swali lenyewe.

Mchicha si hadithi. Wanaokula mboga na matunda kwa wingi hupata maradhi ya moyo na kiharusi kwa uchache zaidi, na jambo hilo limeonekana katika nchi nyingi. Kilichobadilika ni maelezo ya sababu. Zamani tulidhani kwamba vitamini za mboga huingia ndani ya seli na kuzizima cheche moja moja. Siku hizi tunajua kwamba vitu vingi vya ukali na uchungu vilivyomo katika mboga na viungo, vile ambavyo mmea huvitengeneza ili usiliwe na wadudu, mwili wetu huviona kama sumu ndogo. Katika kila seli kuna protini iitwayo Nrf2, ambayo kwa kawaida hushikwa na mlinzi wake na kuvunjwavunjwa. Seli ikihisi usumbufu kidogo, mlinzi humwachia mfungwa, naye huenda moja kwa moja kwenye kiini cha seli na kuamuru vimeng'enya vya kinga vitengenezwe kwa wingi, glutathioni ikiwa mojawapo ya mazao yake. Kwa hiyo kitunguu saumu, sukuma wiki, manjano na tangawizi haviendi kuuzima moto. Vinaenda kuwaamsha wazima moto waliolala.

Mazoezi hufanya kazi kwa njia iliyo karibu na hiyo. Ukitembea kwa haraka, misuli hutoa radikali zaidi, na radikali hizo ndizo zinazouambia mwili uongeze mitokondria na kinga. Mwaka 2009 watafiti huko Ujerumani waliwapa vijana waliokuwa wakifanya mazoezi vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E kila siku kwa wiki nne, na wenzao wakafanya mazoezi yaleyale bila vitamini. Wasiopewa vitamini, miili yao ilianza kuitumia insulini vizuri zaidi. Waliopewa vitamini hawakuipata faida hiyo. Cheche zilizimwa, na pamoja nazo ukazimwa ujumbe.

Kuhusu habbasoda ya mama, sina la kumkataza. Ina kitu kiitwacho thaimokwinoni ambacho katika maabara hufanya mengi mazuri, na majaribio machache madogo kwa binadamu yameonyesha kwamba huweza kushusha presha kidogo. Kidogo hicho hakitoshi kwa mtu mwenye 178 kwa 104. Kijiko kimoja juu ya chakula kizuri na moyo uliotulia ni jambo moja. Chupa ya mafuta yake badala ya tembe ni jambo jingine kabisa. Na mama kumbukumbu ya mahari ameipata pengine, habbasoda isionewe.

Kuna jambo jingine katika mboga na matunda ambalo halipati sifa yake, nalo ni potasiamu. Ndizi, mbaazi, maji ya dafu, mchicha, viazi vitamu, vyote vina potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa chumvi. Nchini China, katika vijiji 600, watu wapatao 21,000 waligawanywa: wengine waliendelea na chumvi ya kawaida, na wengine wakapewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 kwa kubadilisha chumvi peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuingia katika mkate, achari, mabuyu ya ukali na viazi karai vya jioni. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia losartan au enalapril, asinunue chumvi ya potasiamu kabla ya kupimwa damu, kwa sababu potasiamu ikizidi huusimamisha moyo.

Dereva wa Likoni

Wakubwa shikamooni. Mimi si msomi, ila nimeendesha matatu kwa miaka 16, na ninaisoma baraza hii nikiwa kwenye foleni ya feri. Mnazungumza vyakula, nami nataka kuuliza kuhusu msongo wa mawazo. Nikikamatwa kwenye foleni na abiria wananitukana na tajiri ananipigia simu kuuliza hesabu, nausikia moyo ukigonga mbavuni. Je, mambo hayo huziumiza seli kweli, au ni maneno ya kusemwa tu ili mtu aambiwe "usijisumbue"? Na pia nisiwafiche, wengi wetu hutafuna muguka ili tusisinzie.

Mwalimu wa Tudor

Ndugu yangu Dereva, marahaba. Niliwahi kufundisha biolojia kwa miaka mingi, basi naomba nilichukue swali hili la kwanza, na la muguka nimwachie Mfamasia.

Huziumiza kweli, na sehemu ya ushahidi ilipatikana hapahapa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Robert Sapolsky alianza kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara, akiwalenga kwa mshale wa dawa ya usingizi ili awapime damu. Nyani hupata chakula chao kwa saa chache tu, kisha siku yote iliyobaki huitumia kusumbuana wao kwa wao. Kwa hiyo msongo wao, kama wako ndugu Dereva, hutoka kwa wenzao zaidi kuliko kwa simba. Katika makundi yaliyotulia, wale wa daraja la chini walikuwa na kotisoli nyingi katika damu hata wakiwa wamekaa kivulini. Kotisoli ni homoni ya msongo. Kwa dakika chache hutuokoa, ila ikikaa juu kwa miezi hupandisha sukari, hukaza mishipa na kuipunguzia seli nguvu ya kujikinga.

Mwaka 1989, yeye na wenzake waliichunguza miili ya tumbili waliokufa katika kituo cha utafiti nchini Kenya baada ya kuishi vizimbani na wababe waliowaonea mfululizo. Matumbo yao yalikuwa na vidonda, na katika sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, iitwayo hipokampasi, nyuroni, yaani seli za ubongo, zilikuwa zimesinyaa na kufa. Kwa binadamu mambo si makali hivyo. Mara nyingi kinachotokea ni matawi ya nyuroni kunywea, na msongo ukiondoka huweza kuchipua tena. Naisema hii ili mtu aliyepitia mwaka mgumu asidhani kwamba akili yake imekwisha kuliwa.

Kuhusu moyo kugonga, hiyo ni adrenalini. Ikija kwa mafuriko, kwa mfano baada ya habari ya msiba, huweza kuupumbaza msuli wa moyo hata ncha yake ikavimba na kushindwa kusukuma damu, ingawa mishipa ya moyo haijaziba. Wajapani waliueleza ugonjwa huo mwaka 1990 na kuuita takotsubo, jina la mtungi wao wa kunasia pweza, kwa kuwa moyo ukionekana katika picha hufanana na mtungi huo, shingo nyembamba na tumbo nene. Sisi pweza wetu tunamchokoa mwambani maji yakipwa, basi tungeuvumbua ugonjwa huu sisi sijui tungeuitaje. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na wengi hupona baada ya wiki kadhaa, lakini hospitalini lazima waende, kwani hakuna anayeweza kuutofautisha na mshtuko wa kawaida wa moyo kwa macho.

Mfamasia wa Mwembe Tayari

Ahsante Mwalimu. Ndugu Dereva, muguka na miraa vina kathinoni, kitu cha ukoo mmoja na amfetamini. Hutoa adrenalini ileile aliyoieleza Mwalimu, hukaza mishipa ya moyo na kupandisha presha na mapigo, na nchini Yemen, ambako mirungi hutafunwa na wengi, madaktari wameihusisha na mshtuko wa moyo, hasa kwa watafunaji wakubwa. Kwa hiyo foleni inakupa dozi ya kwanza na mfukoni una dozi ya pili. Halafu usingizi ambao muguka unaufukuza ndio wakati ambapo presha ilipaswa kushuka na moyo kupumua. Sikuhukumu, najua hesabu ya tajiri haingoji. Lakini pita dukani siku ya mapumziko nikupime bila malipo, kwa sababu katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 karibu robo ya watu wazima wa Kenya walikutwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua.

Muuguzi wa Kisauni

Nimesubiri nione kama kuna atakayelitaja hili, sikuona, basi nalitaja mimi. Mmezungumza juu ya jeraha la polepole. Mimi kazini naliona lile la dakika.

Ami yangu, ndugu wa baba, aliamka siku moja mdomo umepinda na mkono wa kulia hauinuki. Nyumbani wakasema ni upepo mbaya, akasomewa, akakandwa kwa mafuta ya simsim, na yote hayo kwa mapenzi. Adhuhuri akapelekwa kwenye kituo kimoja cha binafsi ambacho hakikuwa na mashine ya kupiga picha ya ubongo, na badala ya kuambiwa hivyo mlangoni akalazwa na kutundikiwa maji hadi Magharibi. Mimi nilikuwa zamu, simu imefungwa kabatini. Nilipofika ilikuwa imepita saa ya 11 tangu alipoamka.

Katika kiharusi cha mshipa mkubwa kuziba, nyuroni zinazokufa hukadiriwa kufikia milioni 1.9 kwa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha kuthibitisha kwamba mshipa umeziba na haukupasuka. Nje ya muda huo madhara yake hushinda faida kwa wagonjwa wengi. Na ajabu ya jambo hili, ambayo inaingia katika mada ya Mfamasia, ni kwamba damu ikirudi nayo huleta jeraha lake. Seli zilizokaa bila oksijeni zimevurugika, na oksijeni ikifurika ghafla, mitokondria hutoa radikali kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kila mtu aliota dawa ya kuzikinga seli dakika hiyo. Ilikuwapo dawa iliyoitwa NXY-059, iliyotengenezwa kuzinasa radikali. Mwaka 2006 jaribio la kwanza lilileta matumaini, na mwaka 2007 jaribio kubwa zaidi likayazima. Wajapani waliidhinisha yao, edaravoni, kwa wagonjwa wa kiharusi mwaka 2001, lakini haijawa dawa ya dunia nzima kwa ugonjwa huo.

Kwa upande wa moyo kuna kisa cha mwaka 1986 ambacho hunishangaza kila nikikifikiria. Watafiti wa Marekani waliubana mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5 na kuuachia, mara nne, kisha wakaubana kwa dakika 40. Ungedhani mbwa aliyeteswa mara nne zaidi ataumia zaidi. Sehemu ya moyo iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuzoeshwa. Seli zilikuwa zimepata onyo zikajiandaa, sawa na ile Nrf2 ya Mfamasia. Madaktari wakatamani kuwafanyia binadamu hivyo kwa kubana mkono wa mgonjwa wa mshtuko wa moyo kwa mkanda wa presha. Jaribio la zaidi ya wagonjwa 5,000, lililotangazwa mwaka 2019, halikuonyesha faida yoyote. Mpaka leo, kitu kinachoziokoa seli za moyo na za ubongo kwa uhakika katika saa hiyo ni kuufungua mshipa mapema.

Kwa hiyo, wanabaraza, mwambieni mtu atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi nzima. Uso ukipinda, mkono ukianguka, au ulimi ukiwa mzito, kumbukeni ni saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, na ulizeni kwa simu kama hospitali mnayokwenda ina mashine ya picha ya ubongo na kama leo inafanya kazi. Msimpe aspirini, kwani huenda mshipa umepasuka. Aspirini ni ya maumivu ya kifua yanayokandamiza, yanayopanda shingoni au mkononi, na jasho jembamba: huyo, kama hana mzio nayo wala havuji damu, na atafune moja ya miligramu 300 njiani. Utafiti wa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba aspirini ilipunguza vifo kwa asilimia 23.

Ami yupo hai, Alhamdulillah. Anatembea kwa mkongojo na anatuita sote kwa jina la dada yake marehemu.

Bint Kuze

Pole sana dada Muuguzi, na Mungu amwafu ami. Nina swali moja dogo: seli zilizokufa hazirudi kabisa?

Mwalimu wa Tudor

Za moyo hurudi kwa uchache mno. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walitumia mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo yalijaza hewa ya dunia kaboni-14, kupima umri wa seli za moyo wa binadamu. Walikuta kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha kiasi cha asilimia 1 ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Zaidi ya nusu ya seli ulizozaliwa nazo moyoni utazikwa nazo. Katika ubongo zinazobaki hujifunza kazi za zilizokufa, na ndiyo maana mazoezi ya viungo na ya usemi baada ya kiharusi hayafai kuahirishwa.

Mfamasia wa Mwembe Tayari

Nilikuwa nimeahidi kulirudia suala la chupa. Baada ya siku ile niliziondoa katika rafu ya usawa wa macho na kuzipeleka chini, karibu na pamba na bandeji, na usawa wa macho nikaweka mashine za kupimia presha. Mwenye duka aliliona jambo hilo siku ya pili. Hajafurahi, na mazungumzo yetu bado hayajamalizika.

Mzee alirudi jana. Tulikuwa tumekubaliana kwamba tembe kwanza, kila siku baada ya sala ya Alfajiri, na kama kuna fedha itakayobaki ndipo anunue apendacho. Habbasoda nilimwachia, nikaiandikia juu yake kwa kalamu nzito, "baada ya tembe". Nilimpima mara mbili: 148 kwa 90, kisha 146 kwa 88. Alinitolea zile chupa sita, nne kati yake hazijafunguliwa, akaniuliza kama duka linaweza kuzinunua tena. Nilimwambia haiwezekani, sheria hairuhusu kuuza dawa iliyokwisha kutoka nje ya duka. Akafikiri kidogo, akasema basi atamrudishia yule aliyemwuzia, naye amrudishie fedha zake, na akaniomba nimwandikie namba zote tatu katika karatasi, ile ya kwanza na hizi mbili, ili aende nazo. Nimemwandikia na kugonga muhuri wa duka. Anarudi kupimwa Jumamosi ya wiki ijayo.